Trei Mbili za Makaroni

Kwetu Detroit, ukitaka kujua mtu ana heshima gani kwenye ukoo wake, usihangaike kuuliza anaendesha gari gani. Uliza Jumatatu ya Wafanyakazi, ile sikukuu ya mwanzo wa Septemba ambapo ukoo hula pamoja uwanjani, anapangiwa kuleta nini. Kuna watu wa mbavu, kuna watu wa saladi ya viazi, kuna watu wa pai ya mapichi. Halafu kuna watu wa barafu.

Binamu yangu Lavonne alikuwa mtu wa barafu.

Hakuzaliwa hivyo. Alishushwa cheo siku ya mazishi ya babu, alipoleta makaroni ya jibini kwa mara ya kwanza. Makaroni ya kwetu huokwa mpaka yakatike kwa kisu kama keki, na juu yana ukoko wa kahawia ambao watu wazima hugombea kona zake. Ya Lavonne yalikuja yanatikisika. Baba yangu, Thurman, ambaye Mungu alimnyima breki za mdomo, alisimama mbele ya mchungaji na wafiwa wote akauliza kama kuna mtu ana mrija.

Basi. Tangu siku hiyo, kila majira ya joto yakielekea ukingoni na majina yakisomwa, Lavonne alipangiwa barafu, sahani za karatasi na vikombe. Miaka ikapita. Mtoto wake Jarrell akakua, akaota ndevu, akapata kazi, akapata mchumba, na mama yake bado analeta barafu.

Mwaka jana katikati ya Julai alikuja saluni kwangu kuosha nywele. Saluni yangu iko chini ya nyumba, una ngazi tu za kushuka, na mtu akishalaza kichwa kwenye lile beseni, sijui ni maji ya uvuguvugu au nini, moyo unafunguka wenyewe. Mchungaji wetu haungamishi watu kama mimi.

"Nita," akasema, macho yamefumbwa. "Nimejipalia makaa."

"Umefanya nini tena?"

"Jumamosi tulialikwa kwa kina Whitlow. Kwao mchumba wa Jarrell."

"Najua. Ukavaa lile gauni la bluu. Enhe?"

"Mama yake binti, Bi Corliss, kapika makaroni. Mazuri, sitamsingizia. Tumekaa mezani, ananitazama kama mtu anayebonyezabonyeza parachichi sokoni. Nimemwambia naendesha basi la jiji, akasema 'oo', unaijua ile 'oo'? Halafu akasema, kila ukoo una mtu wake wa makaroni, kwenu ni nani?"

Nikafunga bomba. Nilitaka nisikie vizuri.

"Lavonne. Usiniambie."

"Nikasema ni mimi."

Nilicheka mpaka nikamwagia povu sikioni. Yeye hakucheka.

"Endelea kucheka. Kafurahi, kanishika mkono, kasema basi Jumatatu ya Wafanyakazi watakuja wote wayaonje. Nita, yule ndiye nitakayegawana naye wajukuu. Akinijua mwongo sasa hivi, nitakuwa mwongo mpaka nizikwe. Kila nitakachosema kuhusu watoto wale, hata nikisema mtoto ana homa, atakwenda kupima mwenyewe."

Hapo nikaacha kucheka, maana alikuwa na hoja.

Tatizo ni kwamba kwenye ukoo wetu makaroni yana mwenyewe. Shangazi Arvella, dada wa baba yangu na wa baba yake Lavonne, ndiye mwenye makaroni, na ndiye mwenye kikao pia. Ni mama mfupi, ana sauti ya mtu mrefu. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Agosti baada ya ibada, tunakusanyika jikoni kwake tupange. Haandiki chochote. Anakutazama, anakutajia chakula chako, na ukitoka pale umeshajijua wewe ni nani duniani.

Sasa nikwambie jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Shangazi bega la kulia linamsumbua. Kupara jibini bonge zima kwa mkono hawezi tena, na kumwomba mtu amparie hataki, kwa hiyo tangu mwaka juzi ananunua ile iliyoparwa tayari, ya mfuko. Ile ina unga unga wa kuizuia isishikane. Ukiioka inatoka na kichangachanga. Tunakula, tunasifu, tunapangusa midomo. Nani atamwambia? Baba yangu mwenyewe, yule wa mrija, mwaka juzi alitafuna tonge la kwanza, akanitazama, akatazama juu mbinguni, akasema, "Dada, umetuweza." Hata mdomo usio na breki unajua mlima wa kuteremka taratibu.

Siku ya kikao jiko lilijaa. Tulikaa mpaka kwenye ndoo. Shangazi akaanza kugawa.

"Thurman, mbavu na kuku. Na safari hii usifungue hilo pipa la kuchomea nyama kila dakika kama unaangalia kama mtoto kalala. Moshi unatoka."

"Sikiliza huyu," baba akasema. "Mimi na pipa langu tumeoana kabla hujajua kukoroga mchuzi."

"Renita," akanigeukia, "mboga za majani, uzipike na bata mzinga wa moshi. Chumvi kidogo, tuna watu wa presha hapa." Akawataja wa maharage ya kuoka, wa saladi ya viazi, wa mahindi. Kila anayetajwa anaitikia kama yuko darasani. Kisha akasema, "Lavonne, barafu. Nyingi. Mwaka huu jua halina adabu."

Lavonne akanyanyuka. Nikaona mikono yake imeshika mgongo wa kiti.

"Shangazi, mwaka huu naomba nilete makaroni."

Friji likasikika linavyonguruma. Mtoto mmoja aliyekuwa akimumunya kitu akaacha kumumunya.

"Nita," baba akaniuliza kwa upole mkubwa, "mirija tununue kabisa ya jumla?"

Jiko zima likapasuka. Shangazi hakucheka, na hilo ndilo lililouma. Alimtazama Lavonne kama unavyomtazama mtoto aliyeomba kuendesha gari.

"Mwanangu, barafu ni kazi nyeti. Vinywaji vikiwa vya moto watu wanagombana. Kaa chini."

Akakaa.

Watu walipoondoka nilibaki kuosha vyombo. Nilikuwa naosha glasi moja muda mrefu sana, kwa sababu Lavonne alikuwa amemfuata Shangazi sebuleni na mlango haukufungwa. Alimweleza yote: Whitlow, parachichi, wajukuu. Kisha akamwomba jambo dogo tu. Shangazi apike kama kawaida yake, ila wageni wakiuliza, isemwe ni ya Lavonne. Kwa siku moja. Kwa saa moja.

"Hapana," Shangazi akasema.

"Shangazi, nakupigia magoti."

"Kayapige kanisani. Mimi trei yangu haivai jina la mtu mwingine. Mama yangu aliipika, nimeipika mimi."

"Sasa nitafanyaje? Umenipa barafu!"

"Barafu umepangiwa na kikao. Uongo umejipangia mwenyewe."

Lavonne alipita jikoni, akachukua mkoba wake, akanibusu shavuni. Kwenye mlango akageuka.

"Nita, oveni yako inafanya kazi?"

"Inafanya. Kwa nini?"

"Yangu imekufa juzi, fundi kasema haiponi."

Akaenda zake. Nikajua kuna vita inakuja, na nikajua vita hiyo itapikwa kwangu.

Mtu wa nje anaweza asielewe. Kwetu kuweka trei mbili za makaroni kwenye meza moja ni sawa na maharusi wawili kuvaa shela kanisa moja. Saladi za viazi zinaweza kuwa mbili, watu wakanung'unika yakaisha. Makaroni hapana. Ukiweka ya pili umemwambia wa kwanza, mbele ya watoto na majirani, njoo tupimane.

Jumapili ya mkesha Lavonne alifika kwangu na mifuko yake. Mimi nilikuwa chini saluni, kwa sababu kesho yake ni sherehe na keshokutwa shule zinafunguliwa, kwa hiyo kila mtoto wa mtaa anataka kusukwa. Nilisuka vichwa mpaka vidole vikawa kama vya mtu mwingine. Juu nilikuwa namsikia binamu yangu anapara jibini: kwaru, kwaru, kwaru, hapumziki. Mama mmoja aliyekuwa ameleta binti yake akaniuliza kama nina fundi seremala nyumbani.

Nilipopanda juu, nyumba ilikuwa inanukia mpaka mapazia. Lavonne amekaa mbele ya oveni kwenye kigoda, anaichungulia kwa kioo kama anaangalia tamthilia. Pembeni alikuwa na trei ndogo ya kuonja.

"Jaribu," akasema.

Nilikata. Kisu kilisikia ukoko, kikaingia, kipande kikatoka kimesimama wima na pembe zake zote. Nikatia mdomoni.

"Lavonne, umejifunza wapi?"

"Karakana ya mabasi. Kila mwezi tuna siku ya kula pamoja. Ya kwanza walinirudishia trei imejaa. Ya pili nusu. Siku hizi nikiipeleka, wananisubiri getini na uma mikononi."

"Miaka yote hiyo? Na hukutwambia?"

"Mngesema nini? Mrija?"

Nikaongeza kipande. Akaniapisha nisimwambie mtu yeyote. Nikaapa. Na kwa kweli sikumwambia mtu yeyote, nilimwambia baba tu. Baba naye asubuhi alikwenda kwenye maandamano ya wafanyakazi mjini na wenzake wastaafu wa kiwandani, wamevaa fulana zao za chama, na kule kutembea barabara nzima bila la kuongea ni kazi. Mpaka wanarudi saa sita mchana, wazee wote wa fulana walikuwa wanajua kwamba uwanjani kwa Thurman kutakuwa na trei mbili.

Siku yenyewe ilikuwa ya aina ile ambayo Michigan hukupa ya mwisho kabla haijakunyang'anya: jua kali, upepo una ncha ya ubaridi kwa mbali. Pipa la baba, aliloliwasha kabla ya kwenda mjini, lilikuwa linafuka tangu alfajiri, na moshi ule ulikuwa umepita ua baada ya ua ukiwaita majirani kwa majina. Watoto niliowasuka walikuwa wanakimbia, vichwa vimejipanga mistari kama shamba la mahindi. Muziki umefunguliwa, mashangazi wamepanga mistari yao ya kucheza, hatua nne kulia, nne kushoto, geuka. Kwenye meza ya karata mtu alikuwa anapiga karata mezani kwa nguvu na kumtukana mwenzake kwa mapenzi.

Lavonne alileta barafu kwanza. Alijaza mapipa matatu ya vinywaji, akapanga sahani, akapanga vikombe. Kazi ya kikao aliifanya yote, hakuna aliyeweza kumkosoa. Kisha akarudi kwenye gari langu akatoa trei yake, imefunikwa foili, akaja nayo taratibu katikati ya uwanja. Wazee wa fulana wakaacha kuongea mmoja baada ya mwingine, kama taa zinazozimwa.

Meza kuu ilikuwa chini ya hema. Katikati yake, mahali pake pa miaka yote, ilikaa trei ya Shangazi. Lavonne akaweka yake pembeni.

Shangazi Arvella alikuwa amesimama pale pale na kijiko chake. Akaitazama foili. Akamtazama Lavonne.

"Hii ni nini?"

"Barafu, Shangazi," Lavonne akasema. "Imepata joto njiani."

Baba alikohoa akageukia pipa lake. Mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Shangazi akanyoosha mkono ainue ncha ya foili, na sijui angesema nini, kwa sababu papo hapo geti likafunguliwa na kina Whitlow wakaingia.

Bi Corliss alikuwa amevaa nyeupe kutoka kofia hadi viatu, kama wanavyofanya kina mama wa kizamani siku ile, maana baada yake nyeupe inawekwa kabatini mpaka mwakani. Alileta tikiti maji, akalikabidhi kwa mikono miwili. Akasalimia wazee kwanza. Akasifu moshi. Nilimkagua kote nikitafuta kasoro ya kusengenya, nikakosa, ikaniudhi. Kisha akapiga makofi mara moja.

"Haya! Mimi sifichi, nimekuja kwa jambo moja. Bi Lavonne, makaroni yako ni yapi?"

Foili zote mbili zilikuwa zimefunuliwa. Trei mbili, ukoko kwa ukoko. Lavonne alifungua mdomo na hakikutoka kitu.

Na mimi nilikuwa namtazama Shangazi. Nilimwona anaiangalia trei ya Lavonne, na najua alichokuwa anakiona. Hakuwa anaona ukoko ule. Alikuwa anaona ile ya mazishi, inayotikisika. Akamwangalia mgeni aliyevaa nyeupe, akamwangalia mtoto wa kaka yake aliyekauka mdomo. Jikoni alisema hapana, na jikoni tulikuwa sisi kwa sisi. Hapa palikuwa na mtu wa nje.

Akaisukuma mbele trei yake mwenyewe, ya mama yake.

"Haya hapa," akasema. "Ya Lavonne ndiyo haya."

Macho ya Lavonne yakajaa maji. Yangu pia, sitaki uongo.

Bi Corliss akakata kipande. Lakini kwa kuwa ni mtu wa adabu, akakata na cha trei ya pili, asionekane mbaguzi. Akala cha kwanza akiwa amesimama. Alitafuna, akatabasamu.

"Mazuri," akasema. Alisema kama unavyosema ukionyeshwa picha ya bwana harusi asiye na sura.

Akala cha pili.

Akaacha kutafuna. Akashika mgongo wa kiti, akakivuta, akakaa. Akala tena, macho amefumba.

"Na haya? Haya kapika nani?"

Watu hamsini na ushei, na wote tukawa tunaangalia viatu. Shangazi alikuwa ameshatoa trei yake. Nyingine ingebaki ya nani?

"Ni... ni yangu," Shangazi akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

"Dada yangu," Bi Corliss akasema, mkono kifuani, "mimi kwetu ndiye mtu wa makaroni tangu mama yangu alipoaga dunia, na nakwambia leo, nakuvulia kofia." Akaivua kweli, ile kofia nyeupe, akaiweka mezani. Kisha akamgeukia Lavonne na huruma yote ya mama mkwe mwema. "Na yako si mabaya, mama. Usivunjike moyo. Ila kaa karibu na huyu shangazi yako akufundishe. Hasa jibini. Yako inaacha mchanga mchanga kwenye ulimi. Unanunua ile ya mfuko, sivyo?"

Mungu wangu.

Nyuma yangu nilisikia koleo la baba likianguka kwenye saruji. Mzee mmoja wa fulana aliingia nyumbani mbio, kama mtu aliyeitwa na choo. Shangazi Arvella alisimama wima, kijiko mkononi, na uso wake ukawa kama mlango uliofungwa kwa ndani. Mwaka mzima na zaidi tulimficha jambo hilo, ukoo mzima, na sasa kaambiwa mbele ya ukoo mzima, halafu hawezi hata kukasirika kwa sababu si yake.

Hapo ndipo Lavonne alipokuwa amepona. Tazama vizuri: uongo wake umekubalika. Mkwe kaamini. Wajukuu wake wangekuja duniani wakimkuta bibi yao mtu wa makaroni, ya kichangachanga lakini makaroni. Ilibidi tu anyamaze na aseme asante.

Alimtazama shangazi yake. Akafuta mikono kwenye gauni.

"Bi Corliss, niwie radhi," akasema. "Hiyo uliyovulia kofia ni mimi nimepika."

Bi Corliss akageuza kichwa.

"Ile nyingine ni ya Shangazi, kanipa ili aniokoe. Bega lake bovu, hawezi kupara jibini, na sisi wote hapa, wanaume na wanawake na misuli yetu, hakuna hata mmoja aliyemwambia, 'Shangazi, niletee nikuparie.' Tumekaa tunatafuna mchanga, tunasifu." Akavuta pumzi. "Na kwako siku ile nilidanganya. Mtu wa makaroni wa ukoo huu ni yeye. Mimi hupangiwa barafu."

"Na barafu yake ni nzuri!" baba akapiga kelele kutoka kwenye moshi. "Hilo mpe haki yake!"

"Baba, nyamaza," nikasema.

Bi Corliss aliweka uma chini. Alimwangalia Lavonne, akaangalia sahani yake, akamwangalia tena Lavonne.

"Ngoja nikuelewe," akasema polepole. "Ulinidanganya kwamba unajua kupika makaroni."

"Ndiyo."

"Na kumbe unajua kupika makaroni."

"...Ndiyo."

"Sasa huo ni uongo wa namna gani, we mwanamke? Hata kudanganya hujui!"

Kicheko kilianzia kwa Jarrell na mchumba wake, kikapita kwenye meza ya karata, kikafika kwa majirani waliokuwa wameegemea uzio wakijifanya wanamwagilia maua. Bi Corliss mwenyewe alicheka mpaka akajipepea na sahani ya karatasi. Lavonne alikuwa anacheka na kulia, hajui aanze kumaliza lipi.

Lakini kicheko kilikatika, kwa sababu Shangazi Arvella alikuwa hajacheka. Aliweka kijiko chini. Akachukua uma. Watu wakampisha, ingawa hakuna aliyekuwa njiani.

Alikata kwenye trei ya Lavonne, si pembeni, katikati. Akakiinua kile kipande kwenye usawa wa macho, akaangalia kama kitatikisika. Hakikutikisika. Akatia mdomoni. Alitafuna muda mrefu. Muziki ulikuwa unaendelea lakini wachezaji walikuwa wamesimama na miguu yao. Lavonne alikuwa ameshika ncha za gauni kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Shangazi akameza.

"Umetumia jibini gani?"

Ukoo mzima ukashusha pumzi. Kwa sababu tangu nizaliwe, na mimi si msichana, sijawahi kumsikia Arvella akimuuliza mtu yeyote chochote kuhusu chakula. Yeye huwaambia watu. Nilimwona Lavonne analielewa hilo, linampanda kutoka miguuni, linamfika mgongoni, mgongo unanyooka. Alipojibu alikuwa mtu mwingine kabisa.

"Shangazi," akasema, kwa adabu zote, "hilo siwezi kukwambia."

Nilidhani hema litaanguka. Baba alipiga magoti kwenye nyasi. Wazee wa fulana walikumbatiana kama timu imefunga goli. Mtu alipiga honi ya gari, sijui nani, wala hakujua kwa nini.

Shangazi Arvella alisubiri kelele zipungue. Midomo yake alikuwa ameikaza, lakini pembeni ilikuwa inamsaliti. Alichukua sahani ya karatasi. Akakata kona ya trei ya Lavonne, kona kubwa yenye ukoko pande mbili, ile ambayo baba yangu alikuwa ameshaitolea macho. Akaiweka kwenye sahani, akaifunika na foili, akabana kingo zote kwa vidole, akaitia ndani ya mkoba wake na kuufunga.

"Hii naenda nayo nyumbani," akasema. "Jibini hiyo nitaijua tu."